Kuvuta magogo ya mikalitusi kwa kwadi: jibu kwa mama wa njia ya Kasenga

Swali

Jambo Papa. Marehemu mume wangu aliniachia hekta sita za mikalitusi kwenye njia ya Kasenga, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Lubumbashi mjini. Mwezi wa sita tuliangusha miti kama mia mbili na kuikata magogo ya mita nne. Mengine ni membamba, sentimita 20, mengine yanafika 45. Yamelala kwenye mteremko unaoshukia dembo, lile bonde la majani lenye majimaji. Kutoka hapo hadi mahali lori linapoweza kusimama ni kama mita 350, na sehemu kubwa ni kupanda. Trekta ya kukodi bei yake imenishinda. Nimenunua kwadi ya mtumba, ile pikipiki ya magurudumu manne, cc 500, inavuta kwa magurudumu yote na ina winchi mbele, mota ya kuvutia vitu kwa waya. Shemeji yangu anasema nifunge mnyororo kwenye keria ya nyuma nivute tu, maana muuzaji alisema inavuta kilo 600. Fundi wa pikipiki anasema nitaivunja. Anayejua kuiendesha vizuri ni mwanangu wa miaka 14. Nataka magogo yote yafike barabarani kabla ya mvua. Inawezekana? Halafu kuna miti miwili ya mukula, ule mti wa msituni, kando ya kichuguu, wanunuzi wamekwisha kuja mara mbili kuiulizia.

Jibu

Mama, kwa magogo mengi inawezekana. Kwa yote, hapana. Na kwa namna ya shemeji, hata gogo moja usijaribu. Fundi wako wa pikipiki yuko karibu na ukweli kuliko muuzaji, ingawa ukifunga mnyororo kwenye keria kitakachoumia kwanza si mashine, ni aliyeikalia.

Tuanze na hizo kilo 600. Muuzaji hakudanganya. Kwadi nyingi za ukubwa huo zimeandikiwa na watengenezaji wao uzito wa kuvuta kati ya kilo 400 na 600. Lakini hicho ni kipimo cha trela yenye magurudumu, kwenye njia ngumu na tambarare. Gogo linaloburuzwa juu ya udongo ni jambo lingine kabisa. Chukua kitabu cha mashine au tafuta kibandiko karibu na ndoano ya nyuma, usome namba mbili: uzito wa kuvuta, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza ndoano yenyewe. Ikiwa kibandiko kimefutika, kama ilivyo kwa mitumba mingi, jipangie kilo 400 na usibishane na mtu.

Sasa magogo. Mkalitusi mbichi una uzito wa tani moja hivi kwa kila mita ya ujazo, wakati mwingine zaidi kidogo. Gogo la mita nne lenye unene wa sentimita 20 lina kilo 125. La sentimita 25 linakaribia 200. La 30 linafika 280, la 35 linapita 380, na lile la 45 ni zaidi ya kilo 630. Angalia namba zinavyoruka: unene haukuongezeka hata mara mbili na nusu, uzito umeongezeka mara tano. Ndiyo maana macho humdanganya mtu msituni. Gogo linaonekana nene kidogo tu kuliko lile la jana, na kumbe ni mzigo mwingine. Ukitaka kupima mwenyewe, chukua unene kwa mita, uuzidishe kwa unene huohuo, halafu kwa 0.785, halafu kwa urefu. Jibu ni mita za ujazo, na kwa mkalitusi mbichi unalisoma kama tani.

Una bahati moja: miti yako imelala tangu mwezi wa sita, na kiangazi chetu kinakausha kweli. Magogo membamba yatakuwa yamepoteza sehemu nzuri ya uzito wake. Manene bado yana maji ndani, usiyahesabie nafuu.

Kinachozuia kwadi kuvuta si nguvu za injini. Injini ya cc 500 ikiwekwa gia nzito inaweza kuzungusha magurudumu hadi yachimbe shimo. Kinachozuia ni uzito wa mashine yenyewe. Kwadi yako ina kilo 300 hivi, weka na dereva wa kilo 70. Kwenye udongo mkavu wa kwetu, matairi hushika kwa nguvu inayolingana na karibu nusu ya uzito huo, tuseme 185. Hapo ndipo mwisho. Gogo linaloburuzwa zima juu ya ardhi linadai karibu sita ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo lile la sentimita 30, lenye kilo 280, linadai 170. Umefika ukingoni, na bado uko tambarare.

Halafu unapanda. Kila mteremko unaoinuka mita moja kwa kila mita kumi unaongeza sehemu moja ya kumi ya uzito wote: gogo, mashine na mtu. Kilo 280 na 370 ni 650, kwa hiyo ongeza 65. Sasa gogo linadai 235 na matairi yana 185. Yatateleza, dereva atakanyaga zaidi, mkanda wa gia utanuka kuungua, na fundi wako atapata kazi aliyokutabiria.

Dawa si mashine kubwa zaidi. Dawa ni kuinua kichwa cha gogo kutoka ardhini. Kichwa kikining'inia kwenye kifaa cha magurudumu mawili, na mkia tu ukiburuzika, gogo lilelile linadai karibu 100 badala ya 170. Ongeza kile kipande cha kupanda, unafika 170 hivi. Linapita. Linapita kwa shida, lakini linapita, na tofauti yote imeletwa na vyuma vya kuchomelea ambavyo havina hata injini.

Kifaa hicho ni tao la chuma lenye gurudumu kila upande na mkono mrefu wa kufunga kwenye kwadi. Gogo hupita chini ya tao. Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea wa Katuba au wa Kenya, zile komini mbili za Lubumbashi, atakutengenezea ukimchorea, na vyuma vya mitumba havikosekani katika mji wa migodi. Mwambie hivi: magurudumu ya gari dogo yenye ringi za inchi 13 au 14, upana kutoka gurudumu hadi gurudumu usizidi mita 1.3 ili lipite kati ya mistari ya miti, nafasi chini ya tao isipungue sentimita 70, mkono wa mita moja na nusu hadi mbili, na ndoano nene juu katikati ya tao. Asichomelee bomba jembamba la maji. Ekseli ya zamani ya gari ni bora kuliko chuma chochote atakachounga mwenyewe.

Namna ya kulitumia ni nzuri kuliko inavyoonekana. Unalisukuma tao hadi lipande juu ya gogo, unainua mkono wake juu, tao linalala kinyumenyume na ndoano inashuka. Unafunga mnyororo kwa kitanzi kwenye gogo, mfupi kabisa, kisha unauvuta mkono chini. Mkono unakuwa wenzo, gogo linainuka bila mtu kulibeba. Funga mbele kidogo ya katikati ya gogo, upande wa shina ukielekea kwadi, ili shina libebwe na mkia uburuzike. Uzito unaokandamiza ndoano ya kwadi uwe kama sehemu moja ya kumi ya mzigo. Wakati wa kuushusha mkono wawepo watu wawili, nao wasimame kando, wasiegemee juu yake. Gogo zito likiurudisha juu mkono huo, unavunja taya.

Kama pesa ya tao haijapatikana, kuna njia ya maskini, nayo si mbaya kwa magogo yasiyozidi sentimita 25. Pasua pipa la chuma la lita 200 kwa urefu, upate beseni refu. Kichwa cha gogo kinalala ndani ya beseni, mnyororo unapita kwenye tundu la mbele, na sasa kinachosugua ardhi ni bati laini badala ya ncha iliyokatwa inayochimba. Hata bila pipa, chonga kichwa cha gogo kwa shoka pande zote kiwe kama pua ya mtumbwi. Dakika tano za shoka zinaokoa visiki vingi vya kugonga njiani.

Sasa nirudi kwa shemeji, kwa heshima yake. Keria iko juu ya ekseli ya nyuma. Ukivuta kutoka juu, kila nguvu ya gogo inavuta kwadi ilale chali. Kwa kawaida hutaona chochote, maana gogo linateleza nyuma vizuri. Halafu kichwa chake kinagota kwenye kisiki kilichofichwa na majani. Gogo linasimama ghafla, magurudumu ya nyuma bado yanazunguka, na kwa kuwa hayawezi kwenda mbele, mashine inajiviringisha kuyazunguka. Pua inanyanyuka. Kwadi haina paa la chuma la kumkinga mtu. Kilo 300 zinamwangukia kifuani dereva kabla hajatoa kidole kwenye gesi. Hii si hadithi ya kutishia watoto, ni ajali inayojulikana sana ya kuvuta vitu kwa kwadi. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya nyuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya usawa wa ekseli, na si mahali pengine popote. Hapo hata gogo likigota, nguvu inavuta nyuma ya mashine kuelekea chini badala ya kuipindua.

Na uwe mnyororo. Kamba ya nailoni inanyooka kama mpira kabla ya kukatika, na ikikatika inarudi na ndoano yake kwa kasi ambayo jicho halioni. Mnyororo wa milimita 8 wenye kulabu ya kutelezesha kitanzi unakutosha. Usinunue ule wa kufungia mageti.

Lakini ukiniuliza pesa ya kwanza niiweke wapi, sitasema tao wala mnyororo. Nitasema njia. Wajiri vijana wenye mapanga na majembe kwa siku mbili tatu, wafungue njia moja tu, upana wa mita mbili na nusu, kutoka kwenye dembo hadi barabarani. Magogo yote yasogezwe hadi kwenye njia hiyo, na kwadi isitoke humo ikiwa na mzigo. Visiki vilivyo kwenye njia vikatwe sawasawa na ardhi. Kwenye shamba la njia ya Kasenga utakuta na visiki vya msitu wa zamani, vya miti iliyokwisha kuwa makala, yaani makaa, kabla mume wako hajapanda mikalitusi. Hivyo ndivyo vibaya zaidi, vimekuwa vyeusi na vigumu, havionekani kwenye majani.

Kitu cha pili cha kutafuta ni mashimo. Mama, unajua wapiga matofali wetu wanavyopenda udongo wa vichuguu. Wanachimba, wanachoma tanuru, wanaondoka, na shimo linabaki likifunikwa na majani marefu kuliko mtu. Tembea njia yote kwa miguu ukiwa na fimbo. Kichuguu chenyewe kizungukwe mbali. Vile vikubwa vya kwetu vinafika mita saba au nane kwenda juu, na ubavu wake unaendelea kuteremka chini ya majani mbali kuliko unavyodhani. Kwadi yenye mzigo ikipita ubavuni mwa mteremko, gurudumu moja juu na lingine chini, inaangukia upande, na haitoi onyo. Njia ipande au ishuke moja kwa moja. Isikate ubavu.

Pima na mteremko. Chukua kamba ya mita 10, kijana mmoja asimame juu ameishika ardhini, wewe chini uinyooshe iwe sawa kwa kuangalia maji kwenye chupa iliyolazwa, halafu upime kutoka kamba hadi ardhini. Mita moja, sawa, endelea na tao na magogo hadi ya sentimita 30. Mita moja na nusu, punguza mzigo nusu. Ikizidi hapo, kwadi isipande na gogo. Hapo ndipo winchi inapoingia.

Watu wengi wana winchi na wanaitumia siku ya kukwama tu. Kwa kazi yako ndiyo mkono wako wa kulia, kwa sababu kwadi inasimama. Winchi za kwadi nyingi huvuta zaidi ya kilo 1,100, mara kadhaa ya yale matairi yanayoweza, mradi mashine yenyewe isiburutwe kuelekea gogo. Simamisha kwadi juu, mahali pagumu, ikitazama gogo. Vuta breki, na nyuma uifunge kwenye mti mzima au kisiki kikubwa. Teremsha waya hadi kwenye gogo. Kama hautoshi, maana nyingi hazina zaidi ya mita 15, ongeza mnyororo. Ukifunga kapi, lile gurudumu la kupitishia waya, kwenye gogo na kurudisha ncha ya waya kwenye mti wa juu, nguvu inaongezeka mara mbili na mwendo unapungua nusu. Ukifunga kapi kwenye mti wa kando, unaweza kuvuta gogo kwa pembe, kutoka katikati ya miti hadi njiani, bila kwadi kuingia humo. Mti huo uzungushie mkanda mpana, si waya, usije ukaukata ganda.

Tupa gunia lenye maji au blanketi zito juu ya waya ulionyooka, ili ukikatika gunia liuangushe chini. Mtu asiruke waya. Mtu asisimame ndani ya pembe pale kapi linapokunja waya, kwa sababu kapi likifunguka waya unafyatuka kuelekea hapohapo. Bakiza mizunguko mitano kwenye pipa la winchi. Injini iwake wakati wote, la sivyo betri itakufa, na baada ya kila dakika moja hivi ya kuvuta uipumzishe mota yake. Ukiigusa ukakuta inachoma kiganja, umechelewa kupumzika.

Magogo yaliyo chini kabisa, kwenye ukingo wa dembo, yavute yote kwa winchi hata kama ardhi inaonekana kavu. Mwezi huu wa tisa ngozi ya juu imekauka, chini kuna tope jeusi linalosubiri.

Yale yanayozidi sentimita 35, usiyavute kabisa. Nisikilize hapa, maana najua hayo ndiyo unayoyahesabia pesa. Waite wapasua mbao waje na msumeno wa mota, wayapasue palepale yalipolala. Kutoka kwenye gogo zima hupata mbao theluthi moja, labda kidogo zaidi, iliyobaki ni unga na magamba. Kwa nini uvute kilo 630 mita 350 ili theluthi mbili zikatupwe barabarani? Mbao unazipanga kwenye trela ndogo, hapo sasa ile namba ya muuzaji inakuwa na maana. Tena mkalitusi mnene una tabia ya kupasuka vichwani kwa nguvu zilizofungwa ndani yake tangu ukikua. Kwa magogo yaliyolala juani miezi mitatu nina hakika umekwisha kuona nyufa za nyota. Kadiri unavyongoja ndivyo mbao zinavyopungua urefu, basi hayo yaanze kabla ya mengine. Matawi na vipande vilivyopinda vifanye makala hukohuko. Tanuru la udongo hurudisha kilo 10 hadi 20 za makala kwa kilo 100 za kuni kavu, na makala yanatoka kwa baiskeli, kama yanavyoingia Lubumbashi kila siku. Lakini tanuru liwashwe mvua ikianza, si sasa.

Nikitaja moto, kuna jambo ambalo wauzaji wa kwadi hawalisemi. Bomba la moshi na injini vinapata joto kali kwa kuvuta polepole kwa muda mrefu, na chini ya mashine majani makavu yanajikusanya. Mwezi wa tisa na wa kumi, upepo ukiwa umeanza, jani moja linatosha kuchoma hekta zako sita na za jirani. Kila saa simamisha mahali pasipo na majani, subiri ipoe, ondoa kwa mkono kila jani lililoshika karibu na bomba. Dumu la maji lipande kwadi daima. Vumbi jekundu nalo usilidharau: chujio la hewa lisafishwe kila jioni, na rejeta ipulizwe, isizibwe na mbegu za majani. Tembea kwenye gia nzito, ile yenye alama ya L, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye gia nyepesi mkanda unateleza na kuungua.

Sehemu fupi za kushuka zina sheria yake. Kupanda, gogo lililoinuliwa lote ni raha. Kushuka, linakusukuma, na tao halina breki. Kwa hiyo kabla ya kushuka legeza mnyororo mkia uburuzike zaidi, usugue ardhi, uwe ndiyo breki yako. Mzigo wa kushuka nao usizidi uzito wa kwadi.

Kuhusu mwanao. Sina shaka anaiendesha kuliko sisi wote. Kwadi za watu wazima zimeandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba aliye chini ya miaka 16 asiziendeshe, na hapo wanazungumzia kuendesha bila mzigo. Kinachoiweka kwadi wima ni mtu kuhamisha mwili wake, na mtoto wa miaka 14 hana kilo za kuhamisha. Mpe kazi ya ishara. Asimame mbele ya msafara, mbali na mnyororo, atazame visiki na apige filimbi gogo linapogota. Ni kazi ya kweli, asidhani umemfukuza. Tafuta kijana mzima umfundishe wiki moja bila gogo, mwenye kofia ngumu na viatu vinavyofunika vifundo. Na asibebe mtu nyuma, hata shemeji akiwa amechoka.

Muda wako sasa. Miti 200 ni magogo 600 hivi. Tuseme 70 ni manene ya kupasuliwa, 180 ni ya kati, yavutwe moja moja, na 350 ni membamba, mawili au matatu kwa safari. Hizo ni safari kama 330. Kufunga, kupanda mita 350, kufungua na kurudi ni dakika 20 ukifanya vizuri. Saa tano za kazi kwa siku, maana mchana wa mwezi wa kumi mashine na watu wote hupumzika, ni safari 15. Siku 22 za kazi. Tuko mwanzo wa mwezi wa tisa, mvua zenyewe zinashika mwezi wa kumi na moja, ingawa zinaweza kuchungulia mapema. Unazo siku, hata ukiondoa wiki mbili za fundi wa tao na vijana wa njia. Anza na yaliyo mbali na chini, kwa sababu dembo ndiyo itakayofunga kwanza. Ya karibu na barabara yanaweza kusubiri hata baada ya mvua mbili tatu. Ikianza kunyesha kweli, acha. Kwadi ikipita na mzigo kwenye udongo wetu uliolowa inachimba mfereji, na mvua za mwezi wa kwanza zinaugeuza korongo katikati ya shamba.

Visiki vya mikalitusi vilivyo nje ya njia vilindwe. Vitachipua mvua ikija, na machipukizi hayo ndiyo mavuno yako yajayo bila kununua miche. Mnyororo ukivichubua ganda vinaweza kufa. Barabarani, magogo yalale juu ya vijiti viwili, yasiguse ardhi, mchwa wa kwetu hawahitaji mwaliko.

Mukula wako, uache usimame. Mkalitusi ni wa kupandwa shambani mwako, hakuna atakayekuuliza sana zaidi ya hati za kawaida za usafirishaji. Mukula ni mti wa msituni unaotakwa sana nje, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayekuja mara mbili kuulizia miti miwili kando ya kichuguu hana kibali mfukoni, angekuwa nacho angekuonyesha mara ya kwanza. Lori likikamatwa, yeye atasema mti ulitoka kwako. Akirudi mara ya tatu, mwambie alete kwanza karatasi kutoka ofisi ya mazingira ya mkoa, yenye jina lake na jina la shamba.